Mbayuwayu mwenye pete ya Moscow: ni wetu au ni mgeni?

"Ninaishi Kayenze, wilaya ya Ilemela, na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa. Mwishoni mwa mwezi wa tatu, asubuhi iliyofuata usiku wa mvua kubwa, mwanangu wa darasa la tano aliokota mbayuwayu aliyekufa karibu na chanja zangu. Mguuni alikuwa na pete nyembamba yenye neno MOSKWA, herufi na namba. Jirani mmoja amesema huyo ni ndege wa kutumwa na kwamba tungemchoma pamoja na pete yake. Kijana wa bodaboda naye anadai ni chombo cha upelelezi. Ndege tumemzika, lakini pete niliikata na nimeifunga kwenye karatasi. Kinachonichanganya ni kwamba chini ya paa langu wapo mbayuwayu mwaka mzima, wana viota vya udongo na wanaangua humo humo. Je, huyu alikuwa mmoja wao, au kweli ni wa huko Moscow? Anaweza kuwa amewaletea ugonjwa watoto na kuku wangu? Na viota nivivunje?"

Mama, barua yako ina mambo matatu yanayokutia hofu, yaani pete, ugonjwa na viota, lakini katikati yake umeuliza swali ambalo ndilo mzizi wa yote: ndege yule alikuwa wa kwetu au wa Moscow? Hilo nitalitolea maelezo marefu kuliko mengine. Kabla ya hapo nikupe majibu mafupi ili upate utulivu wa kusoma yaliyobaki. Pete haina madhara yoyote na usiitupe. Ndege mliyemzika si wa aina moja na wale wa chini ya paa lako. Hatari ya ugonjwa ni ndogo sana, ingawa yapo mambo machache ya kuzingatia. Viota, kwa maoni yangu, viache.

Naanza na pete kwa kuwa ndiyo iliyozua maneno mtaani. Hicho ni kipande chembamba cha alumini kilichokunjwa kuuzunguka mguu wa ndege. Hakina betri, hakina waya, hakipokei wala kutuma chochote, na uzito wake ni sehemu ndogo sana ya gramu moja. Kazi yake yote imo katika maandishi uliyoyasoma: jina la kituo kilichoitoa, pamoja na namba ambayo haikupewa ndege mwingine yeyote wa kituo hicho. Mtaalamu humnasa ndege kwa wavu mwembamba, humpima uzito na urefu wa bawa, humkagua umri, humvisha pete na kumwachia, kisha huandika kila kitu kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo hana la kufanya ila kusubiri mtu mwingine, pengine katika nchi ambayo hajawahi kuiona, amkute ndege huyo na kuisoma namba. Katika habari hii mtu huyo ni mwanao.

Utaratibu huu ni wa zamani. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark aitwaye Hans Christian Cornelius Mortensen alianza kuwavisha kwezi pete za alumini zenye namba, na wengine wakamfuata. Kwa mbayuwayu, jibu kubwa la kwanza lilipatikana hivi: tarehe 6 Mei 1911, huko Staffordshire nchini Uingereza, wakili John Masefield alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake, na tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyo huyo akapatikana kwenye nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo watu walibahatisha tu. Karne kadhaa zilizopita wasomi wa Ulaya, akiwemo askofu wa Sweden Olaus Magnus aliyeandika mwaka 1555, waliamini kwamba mbayuwayu hupitisha majira ya baridi wakiwa wamezama ndani ya maziwa, na kwamba wavuvi huwavua kwa nyavu wakiwa wameshikamana mafungu mafungu. Mvuvi yeyote wa Kayenze angeweza kumsaidia askofu huyo kwa sentensi moja.

Kijana wa bodaboda nisimcheke kabisa, kwa kuwa vipo kweli vifaa vidogo ambavyo watafiti huwafunga ndege mgongoni, vyenye uzito usiofika hata gramu moja. Kazi yake ni kupima mwanga. Kifaa hurekodi jua limechomoza saa ngapi na limezama saa ngapi, na kutokana na saa hizo mtafiti anaweza kukadiria ndege alikuwa wapi. Hata hivyo kifaa cha aina hiyo hakitumi habari yoyote, na ili kisomwe ni lazima ndege yule yule akamatwe tena alikofungwa. Hakisikii maneno wala hakipigi picha, na kwa maelezo yako ndege wenu hakuwa nacho. Jirani yako naye usigombane naye. Mwonyeshe pete, mwache aishike na kuigeuza, kisha mwambie kwamba chuma hicho ni anwani tu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Huku mwambaoni watu huwaita mbayuwayu ndege wa aina kadhaa zinazofanana kwa mbali, na hapo ndipo mkanganyiko wako ulipoanzia. Wanaojenga kwako mwaka mzima yaelekea ni mbayuwayu wakazi wa Ziwa Victoria ambao wataalamu huwaita kwa jina la Angola. Hawa huzaliwa huku, huzaa huku na kufa huku, na hupenda kujenga kikombe cha matope chini ya paa, darajani au kwenye mwamba ulioinama. Ukimtazama vizuri mmoja wao akiwa ametua, utaona rangi ya kutu ya kooni inashuka hadi kifuani, na tumbo lake ni la kijivu kilichofifia. Yule mwenye pete ni tofauti: paji la uso na koo ni vyekundu vilivyokolea, chini ya koo pana utepe mpana wa bluu iliyokaribia weusi, na kuanzia hapo tumbo ni jeupe au la rangi ya maziwa. Mkia wake umegawanyika, na kwa ndege mzima manyoya mawili ya pembeni ni marefu na membamba. Mwulize mwanao kama anaukumbuka ule utepe wa kifuani, kwa sababu watoto huona mambo ambayo sisi hatuyatazami.

Wapo pia wengine ambao huenda umewaona. Yupo mwenye kofia nzima ya rangi ya kutu na nyuzi mbili nyembamba mkiani, ambaye hupenda kukaa karibu sana na maji na hujenga hata kwenye magati. Huyu, nikiruhusiwa kupendelea, ndiye mzuri kuliko wote. Yupo mwenye michirizi tumboni, ambaye kiota chake cha udongo kina mlango mrefu wa bomba. Ukiona makundi yanayozunguka kwa kelele juu ya majengo ya mjini na hayatui kamwe kwenye waya, hao ni teleka, ambao ni ukoo mwingine kabisa ingawa maisha yao yanafanana na ya mbayuwayu.

Mwenye pete, basi, ni mhamaji. Neno MOSKWA linaonyesha kituo cha Urusi kilichotoa pete, wala halimaanishi lazima kwamba alizaliwa ndani ya mji wa Moscow, kwa kuwa kituo kimoja hugawa pete kwa watu wanaofanya kazi hiyo sehemu mbalimbali za nchi. Asili hiyo inaendana na yanayojulikana kuhusu aina hii: wengi wa wanaokuja upande wetu wa Afrika hutoka mashariki mwa Ulaya na Urusi, ilhali wale wa Uingereza huishia zaidi Afrika Kusini. Kutoka Moscow hadi Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000, na ndege hasafiri kwa mstari ulionyooka. Mwili wenye uzito wa takriban gramu 20 unavuka milima, bahari na jangwa, unafika kwetu kati ya Septemba na Novemba, na kati ya Machi na Aprili unarudi. Tofauti na ndege wengi wadogo ambao husafiri usiku, mbayuwayu husafiri mchana na hula njiani, akikamata wadudu huku akiendelea na safari. Jangwani, ambako wadudu ni wachache, huvuka kwa mafuta aliyoyajaza mwilini kabla ya kuingia humo.

Hapa huwa naulizwa swali zuri: anajuaje kwamba wakati wa kuondoka umefika? Ulaya jibu ni rahisi, kwa sababu siku hufupika sana kuelekea majira ya baridi na ndege huliona hilo. Mwanza, iliyo nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki dakika 20, na baridi haipo. Wadudu nao hawajaisha. Mwezi wa tatu mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza na chakula kinaongezeka. Mtu mwenye akili angesema huu ndio wakati wa kubaki. Lakini ndege ana kalenda ndani ya mwili wake. Mtafiti wa Kijerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wadogo wahamaji katika vyumba ambavyo mwanga wake haukubadilishwa mwaka mzima, na akaona kwamba bado, majira ya kuhama yalipokaribia, walinenepa na kuhangaika usiku bila kupata dalili yoyote kutoka nje. Kalenda hiyo ikiachwa peke yake huenda haraka au polepole kuliko mwaka halisi, na urefu wa mchana ndio unaoirekebisha. Kwa hiyo mbayuwayu aliyetua kwenye waya wa umeme wa Kayenze mwezi Machi anaitii saa iliyo ndani yake, wala hasukumwi na njaa. Upande wa kuelekea, kinda huzaliwa nao, na akiwa angani hutumia jua na uga wa sumaku ya dunia, kisha mwaka unaofuata huongeza kumbukumbu ya mahali alipopita. Ndiyo maana ndege mzima mara nyingi hurudi kwenye banda lile lile alilojenga mwaka uliotangulia.

Sasa usichukulie kwamba huku kwetu huja kupumzika. Jambo kubwa analolifanya Afrika ni kubadilisha manyoya yake yote, na hili ndilo linalonifanya nisite kumwita mgeni. Manyoya huchakaa kwa jua na kwa upepo wa safari, na ndege mwenye manyoya yaliyochakaa hawezi kurudi alikotoka. Bata wa porini huyaangusha manyoya ya mabawa kwa mara moja na kukaa majini wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Mbayuwayu hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa chakula chake chote kinaruka, na siku asiyoruka ndiyo siku asiyokula. Kwa hiyo huangusha unyoya mmoja wa bawa la kulia na mwenzake wa bawa la kushoto, anasubiri yaote, kisha yanafuata mengine, tangu ndani ya bawa hadi nje. Kazi hiyo humchukua karibu muda wake wote wa kukaa huku, miezi mitano au zaidi. Unyoya umejengwa kwa protini, na protini hiyo ni wadudu wa mashamba na maziwa ya Afrika.

Mkia nao ni hivyo hivyo. Mwaka 1988 mtafiti wa Denmark, Anders Pape Møller, alichapisha jaribio ambalo aliurefusha mkia wa madume kadhaa wa mbayuwayu kwa kuwabandikia vipande vya manyoya, akaufupisha wa wengine, na akaona kwamba waliorefushiwa walipata majike mapema kuliko wenzao. Dume linalochaguliwa na jike huko kaskazini kwa uzuri wa mkia wake, basi, linachaguliwa kwa manyoya yaliyoota Afrika. Mimi nikiulizwa kama ndege huyo ni wa Moscow au wa kwetu, hujibu kwamba alizaliwa kwao na mabawa yake yaliota kwetu, na kwamba akikosa upande mmoja hana maisha.

Wewe unayeishi kwa dagaa utaelewa haraka kinachomvuta ziwani. Unawafahamu wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi, wanaojaa kwenye taa na kuingia hadi kwenye chai. Wengi wao huishi ndani ya maji na matope ya chini wakiwa wachanga, na aina mojawapo hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, yaani usiku ule ule wa giza ambao wavuvi wenu huingia ziwani na taa kwa sababu dagaa huufuata mwanga. Upepo ukizisukuma nguzo hizo kuelekea nchi kavu asubuhi, mbayuwayu wahamaji na wakazi hula kwa pamoja. Hula pia kumbikumbi baada ya mvua, na nzi wanaozunguka chanja zako za dagaa. Unapowaona wakipita chini chini juu ya dagaa, ujue wanafuata nzi, kwani dagaa mwenyewe hawamgusi.

Nifute hapa imani moja ambayo ni ya kheri lakini si ya kweli: kwamba mbayuwayu hupunguza malaria. Ndege huyu huwinda mchana na hupendelea wadudu wakubwa kidogo, ilhali mbu anayeambukiza malaria huuma usiku. Akila mbu ni kwa bahati tu. Chandarua kibaki pale pale kilipo.

Kwa nini basi huyu wenu alikufa? Kwa maelezo yako, naona sababu iliyo karibu zaidi ni mvua. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na mvua kubwa huwatuliza wadudu wasiruke, kwa hiyo ndege aliyelowa na kukaa bila chakula jioni nzima anaweza asiione asubuhi, hasa kama alikuwa katikati ya safari ya kurudi na akiba yake ya mafuta ni ndogo. Wapo pia wanaogonga waya au kioo, na wapo wanaokamatwa na paka. Usione kwamba kifo kimoja ni ishara ya jambo baya. Kwa aina hii, zaidi ya nusu ya ndege wazima hufa kila mwaka kwa sababu za kawaida, na makinda hufa zaidi ya hapo. Wachache sana wameishi kupita miaka 10.

Kuhusu ugonjwa nitasema kwa uangalifu, kwa kuwa sitaki nikuondolee hofu kwa kukupumbaza. Homa ya mafua ya ndege hubebwa hasa na ndege wa majini, wakiwemo bata na shakwe, na mbayuwayu mmoja aliyekufa baada ya usiku wa mvua si sababu ya kushtuka. Hata hivyo ndege yeyote aliyekufa anaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo kanuni ni ile ile siku zote: usimshike kwa mkono mtupu, tumia mfuko wa plastiki kama glavu, mfukie, kisha nawa kwa sabuni. Mwanao kama alimshika na baadaye akanawa, na mpaka sasa ni mzima, huna la kufanya zaidi. Akipata homa, mpeleke kituo cha afya kama ambavyo ungempeleka siku nyingine yoyote, apimwe malaria, na umweleze mganga kwamba aliokota ndege. Mkikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, au kuku wako wakianza kufa ghafla, usiwaguse wala usiwachinje kuokoa nyama; mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Kuku wako, nikuambie ukweli, wanatishwa zaidi na kideri kinacholetwa na kuku walionunuliwa mnadani kuliko na ndege yeyote wa angani. Chanjo ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu ndiyo kinga yako, na afisa huyo huyo ataipanga.

Viota navyo vina pande mbili. Kinyesi kinachodondoka ukutani kinachukiza, na kama kiota kiko juu ya mahali unapopakia au kuhifadhi dagaa, hilo ni tatizo halisi la usafi ambalo mteja hawezi kukuvumilia. Kwa upande mwingine, ndege hao hula nzi kutwa nzima, na kikombe kile kimejengwa kwa mamia ya vidonge vya matope, kimoja kimoja kikibebwa mdomoni. Njia ninayoipendekeza ni kupigilia ubao mpana kiasi cha shubiri moja na nusu chini ya kiota, kinyesi kiangukie hapo, na kuusafisha kila wiki: nyunyiza maji kwanza ili vumbi lisipande, funga kitambaa puani, kisha kwangua. Ikiwa kiota kiko mahali ambapo ubao hausaidii, ngoja makinda waruke na kikombe kibaki kitupu, ndipo ukiondoe na kuziba nafasi kwa wavu ili wajenge upande mwingine wa nyumba. Utitiri unaweza kubaki kwenye kiota cha zamani, hivyo ukiondoe kwa kijiti na ukichome mbali na banda la kuku. Kuvunja kiota chenye mayai au makinda sikushauri kwa hali yoyote. Kuwakamata ndege wa porini na kuwafuga bila kibali ni jambo linalogusa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na tena mbayuwayu aliyefungiwa hafugiki, kwa sababu amezoea kula anachokikamata hewani.

Kama unataka kuwasaidia wahamaji wenyewe, angalia matete zaidi kuliko paa. Wao hawana viota huku, na jua likikaribia kuzama hukusanyika kutoka maeneo ya mbali na kulala kwa pamoja kwenye matete, mafunjo, na mara nyingine mashamba ya miwa au mahindi. Huko Mount Moreland, karibu na Durban, hadi milioni 3 wamekadiriwa kulala katika matete ya bonde moja, kiasi kwamba uwanja mpya wa ndege uliofunguliwa karibu yake mwaka 2010 uliwekewa rada ya kufuatilia mienendo yao. Kipande kimoja cha matete, kwa hiyo, kinaweza kuwa kitanda cha ndege wa eneo kubwa sana, na kukichoma moto jioni moja ya mwezi wa Januari ni kuwaunguza wote kwa pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, jambo ambalo viongozi wa mtaa na wa BMU wenu, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni, wanalifahamu, na lizungumzeni bila kusubiri moto uwashwe. Anayekata matete kwa ajili ya paa au mikeka simlaumu, mradi akate sehemu na kuacha sehemu, na akate mchana.

Imebaki pete. Inyooshe polepole bila kuikwaruza, ibandike kwa selotepu kwenye karatasi nyeupe, na uipige picha mchana pande zote ili kila herufi isomeke. Chunga sana tofauti ya sifuri na herufi O, na ya moja na herufi I. Pembeni andika tarehe aliyookotwa, jina la kijiji na wilaya, na kama una simu yenye ramani, zile namba za mahali. Andika pia kwamba alikuwa amekufa karibuni, na kwamba usiku uliotangulia mvua ilinyesha sana. Taarifa hizo unaweza kuzituma kupitia tovuti ya EURING, muungano wa vituo vya Ulaya vya kuvisha ndege pete, ambao hupokea taarifa za mtu yeyote na kuzifikisha kwa kituo husika. Hapa nchini Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, iliyoko Arusha, ni mahali pa kuuliza, na kama intaneti ni shida, wahifadhi wa Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane pale Mwanza mjini wanaweza kukuelekeza. Pete ni yako kuitunza ukishatoa taarifa.

Siku nyingine akipatikana ndege mwenye pete akiwa hai, msiikate. Mshikeni kwa mikono iliyolegea, mgongo wake ukiwa kiganjani, isomeni au ipigeni picha mguuni hapo hapo, kisha mwacheni aende. Kama amelowa, mwekeni kwenye boksi lenye matundu mahali pakavu na penye kivuli hadi akauke, bila kumlazimisha kunywa maji. Na kwenye nafasi ya jina la aliyeokota, utakapotoa taarifa ya pete hii ya sasa, andika jina la mwanao, kwa kuwa jibu likija, baada ya wiki au miezi, litakuwa na tarehe na mahali ndege wake alipovishwa pete, na hilo ni lake kulisoma darasani.